Bajeti ya Safari Huanzia Siku ya Kurudi

Kila shule zinapokaribia kufungwa mwishoni mwa muhula wa tatu, mazungumzo katika vyumba vya walimu hubadilika. Vitabu vya kusahihishwa vingali juu ya meza, lakini watu huwa wameanza kuulizana watakwenda wapi. Zamani jibu lilikuwa moja kwa wengi: nyumbani mashambani, kwa wazee, kupalilia na kuvuna. Siku hizi majibu yameongezeka. Kuna wanaotaja Zanzibar, kuna wanaotaja Kampala na Kigali, na wapo wachache wanaotaja Ulaya kwa jamaa waliohamia huko. Likizo ya familia katika nchi ya kigeni, ambayo hapo awali ilidhaniwa kuwa haki ya mawaziri na mabalozi, imeingia katika ndoto za mwalimu wa kawaida na wanawe.

Hatuna ugomvi na ndoto hiyo. Aliyenena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi hakukosea, na hapana mtu anayestahili kuona mengi kuliko yule ambaye kazi yake ni kuwaeleza wengine ulimwengu ulivyo. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha kwamba lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, atafundisha kwa ladha nyingine akiisha kuisikia lahaja hiyo ikizungumzwa na wachuuzi wa Darajani. Mwanafunzi aliyepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hatahitaji kukariri maana ya biashara ya Bahari ya Hindi. Tena isisahaulike kwamba kuvuka mpaka wetu na Tanzania hakukuwa rahisi siku zote. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka huo ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Vizazi vilivyoishi miaka hiyo vinajua kwamba safari ya kwenda kumwona jirani ni neema.

Tunalolilalamikia ni jambo jingine. Ni dhahiri shahiri kwamba familia nyingi hufunga safari bila kujua itagharimu kiasi gani, na huja kulijua hilo zikiwa zimekwisha kurudi. Likizo ya Novemba na Disemba hufuatwa na Januari, na Januari haina huruma. Katika shule zetu za upili, karibu nusu ya karo ya mwaka mzima hudaiwa katika muhula wa kwanza. Kwa mzazi ambaye mwanawe anajiunga na Gredi ya 10, kuna sare, godoro, sanduku, vitabu na nauli juu ya karo. Picha za ufukweni zingali katika simu, zikitazamwa na majirani, ilhali mtoto yuleyule aliyepigwa picha hizo amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Wahenga waliliona jambo hili zamani waliposema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Kwa hiyo rai yetu leo ni moja, nayo tunaielekeza kwa walimu na pia kwa wanafunzi ambao kesho watakuwa na familia zao. Bajeti ya safari ya nje isianzie siku ya kuondoka. Ianzie siku ya kurudi. Kabla ya kuuliza nauli ya basi au ya ndege, familia na ijiulize: siku tutakaporudi, ni malipo gani yatakuwa yanatungoja mlangoni? Karo ya muhula wa kwanza, kodi ya nyumba ya Januari, dawa za wazee, mbolea na mbegu kwa wenye mashamba. Hayo yote yaandikwe kwanza, na fedha zake zitengwe mahali ambapo mkono wa msafiri haufiki. Fedha hizo zina wenyewe. Kinachosalia baada ya wenyewe kupewa chao, hicho ndicho masurufu ya safari. Kikiwa kidogo, safari na iwe fupi. Kisiposalia chochote, safari na ingoje.

Huenda mtu akasema kwamba kwa utaratibu huo mwalimu hatasafiri kamwe, maana mshahara wake umekwisha kugawanywa kabla haujafika benki. Ni kweli kwamba makato yameongezeka. Tangu Oktoba 2024 kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, na juu yake kuna asilimia 1.5 ya ujenzi wa nyumba, kodi ya mapato, mchango wa uzeeni na marejesho ya mikopo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Sheria hiyo iliwekwa ili mfanyakazi abakiwe na cha kumlisha, na inasikitisha kuwaona baadhi yetu wakiitumia theluthi moja iliyosalia kana kwamba nayo haina kazi. Lakini hoja ya kwamba haiwezekani hatuikubali. Inawezekana, mradi hesabu ifanywe mapema na kwa ukamilifu. Hebu tuifanye pamoja.

Gharama za safari ya familia ni za aina tatu, na anayezichanganya ndiye hupotea. Kuna gharama za kila mtu, yaani zile zinazozidi kadiri ya idadi ya watu: nauli, hati za kusafiria, chanjo. Kuna gharama za kila siku, zinazozidi kadiri ya kukaa: malazi, chakula, usafiri wa mjini, viingilio. Kisha kuna akiba ya dharura, ambayo haina budi kuwapo hata kama kila kitu kimelipiwa. Mtu anayesikia kwamba nauli imepungua hukimbilia kukata tikiti, akasahau kwamba nauli hulipwa mara moja tu na tumbo hulipwa mara tatu kwa siku.

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne: baba, mama na watoto wawili wenye umri wa miaka minane na kumi na mmoja. Wanatoka Nairobi kwa basi kupitia Namanga na Arusha hadi Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 900, kisha wanapanda boti ya mwendo wa kasi hadi Unguja, mwendo wa karibu saa mbili. Watalala huko siku sita. Bei tutakazozitumia ni za mfano, na kila familia itaweka zake baada ya kuulizia. Tuseme nauli za basi na boti, kwenda na kurudi, ni shilingi 14,000 kwa kila mtu. Kwa watu wanne ni 56,000. Malazi ni 5,000 kwa usiku, kwa siku sita 30,000. Chakula, pamoja na kile cha njiani, tukikadirie kuwa 42,000. Usafiri wa huko na viingilio, 3,000 kwa siku, jumla 18,000. Hadi hapo tumefika shilingi 146,000, na wengi wangeishia hapo na kusema kwamba bajeti imekamilika.

Haijakamilika. Familia hiyo haijapata hati. Ili kuingia Tanzania, Mkenya hahitaji viza, lakini huhitaji pasipoti au hati nyingine rasmi ya safari, na kila mtoto sharti awe na yake. Aidha Tanzania humtaka msafiri atokaye nchi zenye hatari ya homa ya manjano, Kenya ikiwamo, awe na cheti cha chanjo. Tukikadiria shilingi 7,500 kwa kila pasipoti na 2,500 kwa kila chanjo, tumeongeza 40,000. Jumla sasa ni 186,000. Tukiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya dharura, yaani 18,600, tunafika 204,600. Kati ya hesabu ya kwanza na hii ya pili kuna tofauti ya karibu shilingi 60,000, na tofauti hiyo ndiyo aghalabu hulipwa na karo.

Mwanafunzi makini ataona jambo hapo. Hati na chanjo zimemeza zaidi ya sehemu moja ya tano ya ile 186,000, lakini ni gharama isiyorudi kila mwaka. Pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10. Cheti cha homa ya manjano, ambacho zamani kilihesabiwa kuwa halali kwa miaka 10, tangu Julai 2016 kinatambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa halali kwa maisha yote. Huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kuchanjwa, hivyo anayechanjwa jioni ya kuamkia safari amejichoma sindano bure. Mwenye busara hutafuta hati hizo mwaka mmoja kabla ya safari, pole pole, mtoto mmoja baada ya mwingine, wala hangoji wiki ya mwisho ambapo foleni ni ndefu na mawakala wa vichochoroni wanangoja kumnyonya.

Hapa tuna neno kwa serikali. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, ikiahidi watu kusafiri kwa uhuru. Hatuoni sababu ya kumfanya mwalimu wa Kajiado, ambaye kutoka kwake huuona Mlima Kilimanjaro kila asubuhi, alipie kitabu cha pasipoti ili aende kuugusa, ilhali mwenzake wa Busia huvuka kwenda Jinja kuona chanzo cha Mto Naili akiwa na kitambulisho mfukoni. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Namanga, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, kimepunguza muda wa kungoja. Gharama ya hati nayo yafaa ipunguzwe. Viongozi wa nchi hizi mbili walitazame jambo hili kama haki ya raia wao.

Jambo la pili ambalo bajeti nyingi hulisahau ni majira. Neno la wageni kuhusu likizo ya kiangazi linatudanganya. Kiangazi cha Ulaya ni Julai na Agosti, wakati ambapo kwetu ni baridi na shule hufungwa kwa majuma machache tu. Ndipo nauli za ndege za kwenda huko huwa juu kabisa, na ndipo pia watalii wa Ulaya hujaa katika mbuga na fuo zetu na za jirani, bei zikapanda pamoja nao. Mwalimu anayesafiri Agosti ananunua bidhaa siku ambayo tajiri naye yuko sokoni. Wiki ya Krismasi ni mbaya zaidi, kwa maana hata mabasi ya kwenda mashambani hupandisha nauli.

Nafasi yetu iko katikati. Shule hufungwa mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba. Walimu wa shule za msingi huwa huru mapema. Wale wa shule za upili wengi wao husimamia mtihani wa KCSE hadi wiki ya tatu au ya nne ya Novemba, na baadhi huitwa kusahihisha. Kuanzia mtihani unapomalizika hadi katikati ya Disemba kuna majuma mawili au matatu ambapo wageni ni wachache na wenye nyumba za malazi husikiliza maombi. Ni msimu wa vuli, na mvua huweza kunyesha. Lakini mvua ya Unguja huja ikaondoka, na mwavuli ni rahisi kuliko chumba cha Krismasi.

La tatu ni thamani ya fedha. Mwanafunzi anayesoma habari za ubadilishanaji wa fedha darasani hudhani ni mambo ya mabenki. Na atazame yaliyotukia. Mapema mwaka 2023 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 124 hivi za Kenya. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imefika takriban 160, na kabla ya nusu ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka hadi 130 hivi. Familia iliyopanga kutumia dola 1,000 ilihitaji shilingi 124,000 katika hesabu ya kwanza na 160,000 katika ya pili, bila ya kuongeza hata usiku mmoja wa malazi. Vivyo hivyo kwa jirani: mapema 2024 shilingi moja yetu ilibadilishwa kwa takriban shilingi 16 za Tanzania, na katikati ya mwaka huo kwa takriban 20.

Turudi kwa familia yetu ya mfano. Malazi, chakula na usafiri wao wa huko ni shilingi 90,000 za Kenya. Kwa kiwango cha 20, hizo ni shilingi 1,800,000 za Tanzania. Kiwango kikishuka hadi 16, watahitaji shilingi 112,500 za Kenya ili wapate kiasi kile kile. Hizo 22,500 zilizozidi ni zaidi ya akiba yao yote ya dharura. Funzo lake ni kwamba bajeti ya safari ya nje iandikwe kwa fedha za nchi ya pili, na ibadilishwe kwa kiwango kibaya kuliko cha siku ile. Tena aliyezoea kusikia kwamba Zanzibar kila kitu ni dola ajue kwamba kanuni zilizotolewa nchini Tanzania Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Anayenunua dola hapa ili akazibadilishe kule hupoteza mara mbili.

Hatuwezi kuacha kuwataja wanaotazama mbali zaidi. Familia yetu ile ile ikitaka kwenda kumwona shangazi Ujerumani au Ufaransa, gharama huanza kabla ya tikiti. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada ya viza ya nchi za Schengen ni Euro 90 kwa mtu mzima na Euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili. Kwa baba, mama na watoto wao wawili hizo ni Euro 270, ambazo kwa kiwango cha shilingi 150 ni 40,500. Ombi likikataliwa, ada hairudishwi. Juu yake hutakiwa bima ya safari ya kugharimia matibabu yasiyopungua Euro 30,000, na taarifa za benki za kuthibitisha kwamba mwombaji ana uwezo. Wapo wanaoazima fedha kwa jamaa na kuziweka benki kwa majuma machache ili taarifa ipendeze. Hao wanajidanganya wao wenyewe. Mtu asiye na fedha za kuonyesha ubalozini hana fedha za kutumia huko aendako, ambako kikombe cha chai hakinunuliwi kwa heshima ya ualimu. Safari hiyo si haramu, lakini ni ya miaka mingi ya maandalizi, na familia ambayo haijawahi kusimamia bajeti ya siku sita za Unguja haijakomaa kusimamia majuma matatu ya Ulaya.

Sasa tufikie swali gumu: fedha zitoke wapi? Kuna njia mbili za halali, mkopo na akiba. Tuzilinganishe kwa ile 204,600. Anayekopa kutoka ushirika wa akiba na mikopo kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, inayohesabiwa kwa deni lililobaki, na kulipa kwa miezi 24, atarejesha takriban shilingi 9,631 kila mwezi. Mwishoni atakuwa amelipa karibu 231,150, yaani 26,550 zaidi ya alichokopa. Riba hiyo pekee ingelipia malazi ya siku tano kati ya zile sita. Anayeweka akiba kwa miezi hiyo hiyo 24 atahitaji shilingi 8,525 kwa mwezi, na ushirika wake huenda ukampa faida mwisho wa mwaka. Aidha mkopaji atalipa deni hilo kupitia Januari mbili, na katika kila moja karo itakuwa inampigia hodi.

Kuna wanaosema kwamba miaka miwili ni mirefu, na kwamba watoto wanakua. Tunawajibu kwamba hata mkopo ni wa miaka miwili. Tofauti ni kwamba mmoja hutaabika kwanza akastarehe baadaye, na mwenzake hustarehe wiki moja akataabika miezi 24. Na vyama vya ushirika vya walimu, ambavyo vimewasaidia wengi kununua viwanja na kusomesha wana, vingefanya jema zaidi kama vingehimiza akaunti za akiba ya likizo kwa bidii ile ile vinavyotangaza mikopo ya haraka.

Akiba ya dharura nayo isidharauliwe. Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa hadi Agosti, na waliokuwa nje bila fedha za ziada waliteseka. Oktoba 2025, wakati wa machafuko ya uchaguzi nchini Tanzania, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Mgeni ambaye fedha zake zote ziko ndani ya simu angenunuaje mkate siku hizo? Kiasi fulani cha noti taslimu, kilichogawanywa kati ya baba na mama, si ushamba. Ni hekima ya wasafiri wa kale waliofunga fedha zao katika pindo mbili tofauti.

Vilevile wapo wanaotegemea kufikia kwa jamaa wakidhani wameokoa fedha za malazi. Ukarimu wa watu wetu haujakauka, lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayefikia kwa ndugu akiwa na watoto wawili hana budi kutenga fedha za kununua unga, mafuta na zawadi ya mama mwenye nyumba. Zawadi za wale waliobaki nyumbani nazo ziandikwe, kwa majina na kwa kiasi, kabla ya kuondoka. Kanga moja kwa mama mzazi ni wajibu. Kanga kumi na mbili kwa ukoo mzima ni bajeti nyingine.

Yote haya hayatafaa kitu kama yatabaki siri ya baba au ya mama. Kuna desturi ya kuwaficha watoto habari za fedha kwa kudhani ni heshima, na matokeo yake ni kwamba mtoto hudai asichokijua bei yake. Familia na ikae pamoja, karatasi iwekwe mezani, na kila mmoja apewe kazi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kuzidisha nauli kwa watu wanne. Yule wa miaka minane anaweza kutunza daftari la matumizi ya kila jioni. Wakiona wenyewe kwamba chupa tatu za soda za kila siku ni sawa na safari moja ya ngalawa, watachagua wenyewe, na hapatakuwa na machozi wala hasira njiani.

Na hapa tunawageukia walimu katika kazi yao. Kila Januari wanafunzi wetu huandikishwa insha juu ya likizo yao. Aliyekwenda mbali huandika kurasa tatu. Aliyeshinda shambani, au aliyebaki kumtunza nyanya mgonjwa, hubuni safari ambayo hakuifanya, kwa sababu anaona haya. Insha hiyo imefundisha uongo kwa miaka mingi. Mahali pake na liwekwe zoezi jingine: kila mwanafunzi achague mahali anapotaka kuipeleka familia yake, aulizie nauli, ahesabu gharama za kila mtu na za kila siku, abadilishe fedha kwa viwango viwili, aongeze akiba ya dharura, kisha aandike kwa Kiswahili sanifu barua ya kuwashawishi wazazi wake kwa hoja na tarakimu. Zoezi hilo ni hisabati, ni jiografia, ni biashara na ni lugha. Tena tajiri na maskini watalifanya wakiwa sawa, maana kupanga hakulipiwi viza.

Hatimaye tunasema hivi. Familia ya mwalimu inastahili kuona bahari ya upande wa pili wa mpaka, na iione ikiwa na furaha kamili. Furaha kamili ni ile ambayo haina mdai anayengoja kituo cha basi. Atakayeanza leo kuweka shilingi 8,525 kila mwezi, na kwa asiyeweza hata nusu yake, ataifikia siku yake ya kusafiri, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Naye atakaporudi, mwanawe atavaa sare, atachukua sanduku lake na kurejea shuleni siku ya kwanza ya muhula pamoja na wenzake, karo ikiwa imelipwa.